Asiye na upande naye ana bei yake

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Panzi wanapopigana, kunguru hana haja ya kushika rungu. Hukaa juu ya mti akitazama, na akishuka, hushuka kwa wakati wake. Katika mazungumzo ya juma hili nataka tumwangalie kunguru huyo, yaani nchi isiyo na upande wakati jirani zake wamekwisha kuingia vitani. Nitamtafuta mahali ambapo pengine hukupatazamia: katika michezo.

Sisemi kandanda wala bao. Ipo michezo ya vita ambayo huchezwa juu ya ubao wenye ramani, kwa vipande vya karatasi ngumu au plastiki, kwa dadu na kwa karata. Na siku hizi mingine huchezwa kwenye kompyuta. Mchezaji mmoja hushika Ujerumani, mwingine Uingereza, mwingine Urusi, nao hupigana upya vita ambavyo vilikwisha zamani. Michezo hii ilienea Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na sasa wako vijana wetu wanaoicheza. Wamo kati yao ambao majina ya majemadari na miji ya mbali wameyajua kwenye mchezo kabla ya kuyasikia darasani. Basi si jambo dogo kuuliza mchezo huo unawafundisha nini.

Swali langu leo ni moja. Nchi ambayo haikuwa na ugomvi na mtu huingiaje vitani? Kila mtunzi wa mchezo wa vita hana budi kulijibu, kwa sababu katika vita vyote viwili vikuu vya dunia nchi nyingi zilianza zikiwa nje ya uwanja, na baadhi yake zilipoingia zilibadili mwendo wa vita. Watunzi wamelijibu kwa njia mbalimbali, na kila njia ina ukweli wake na upungufu wake.

Njia ya kwanza ni rahisi kuliko zote: nchi isiyo na upande haina kauli kabisa. Ndivyo ilivyo katika mchezo uitwao Diplomacy, ambao Mmarekani Allan Calhamer aliutoa mwaka 1959. Ramani yake ni ya Ulaya na mchezo unaanza mwaka 1901. Mataifa makubwa ni saba, na vituo vinavyogombaniwa ni 34. Kati ya hivyo, 12 havina mwenyewe mwanzoni: Norway, Uswidi, Denmark, Uholanzi, Ubelgiji, Hispania, Ureno, Serbia, Bulgaria, Romania, Ugiriki na Tunis. Hakuna mchezaji anayezisemea nchi hizo. Jeshi likifika na kukaa hadi mwisho wa mwaka, kituo kimekuwa chake. Wakubwa huketi pembeni wakinong'ona, wewe chukua Ubelgiji, mimi niachie Romania. Mchezo huu husifiwa kwa kufundisha hila na ahadi za uongo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mdogo ndani yake ni nyama ya kugawana, hana mdomo wa kusema nataka au sitaki.

Njia ya pili inazipa nchi hizo tabia. Yupo Mmarekani mwingine, Larry Harris, aliyetunga mchezo wa Axis & Allies ulioanza kuuzwa mwaka 1981. Katika matoleo ya baadaye yanayoanzia mwaka 1940 wa Vita vya Pili, nchi zisizo na upande zimegawanywa mafungu matatu. Lipo fungu ambalo moyo wake uko kwa Ujerumani na wenzake, kama vile Bulgaria na Finland. Lipo ambalo moyo wake uko kwa Uingereza na wenzake, kama vile Ugiriki na Brazil. Hao, rafiki yao akiingiza askari wake ndani ya mipaka yao, majeshi yao huwa yake papo hapo bila kupigana. Fungu la tatu ni la wale wasiotaka habari ya mtu: Uturuki, Hispania, Uswidi, Uswisi, Ureno na wengineo.

Hao wa fungu la tatu wana kanuni yao, nayo inastahili kufikiriwa. Ukimshambulia mmoja wao, wote waliobaki wa fungu hilo hugeuka mara moja kuwa marafiki wa adui yako. Ukivamia Uswidi, umeipoteza pia Uturuki na Hispania. Mtunzi anataka mchezaji aogope kumgusa mnyonge, na mchezaji kweli huogopa.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Nusu ndiyo, nusu siyo. Mwaka 1914 Ujerumani ilipoingia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameidhamini kwa mkataba wa mwaka 1839 kwamba haitaguswa, Uingereza iliifanya hiyo kuwa sababu ya kutangaza vita. Lakini tazama mwaka 1940. Tarehe 9 Aprili Ujerumani iliingia Denmark na Norway. Tarehe 10 Mei iliingia Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg. Nchi tano zisizo na upande zilivamiwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Waliobaki walifanya nini? Uswidi iliendelea kuiuzia Ujerumani madini ya chuma. Uswisi ilikaza ulinzi wa milima yake ikakaa kimya. Uturuki ilisubiri hadi tarehe 23 Februari 1945 ndipo ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani na Japani, wakati matokeo yalikuwa yamekwisha kujulikana. Na sababu mojawapo ilikuwa kwamba nchi ambayo isingetangaza vita kabla ya tarehe 1 Machi isingealikwa San Francisco kwenye mkutano wa kuunda Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mchezo unatuambia kwamba mnyonge akipigwa, wanyonge wenzake husimama pamoja. Historia inatuambia kwamba mara nyingi kila mmoja hufunga mlango wake.

Njia ya tatu inatazama hasira inavyopanda. Katika World in Flames, mchezo mkubwa uliotungwa Australia na kutolewa mwaka 1985, Marekani haiingii vitani kwa sababu mchezaji wake ameamua asubuhi hiyo. Ujerumani au Japani ikifanya uchokozi, mwenye kuishika Marekani huweza kupata vipande vyenye namba, naye huvilaza kifudifudi. Wapinzani wanaona vipande vinaongezeka, hawaoni namba zake. Hawajui bado hatua ngapi kabla jitu halijaamka. Mchezo wa kompyuta wa Hearts of Iron, unaotengenezwa Uswidi, nao katika toleo lake la nne la mwaka 2016 una kipimo cha wasiwasi wa dunia kinachohesabiwa kwa asilimia. Nchi moja ikivamia nyingine, kipimo hupanda. Serikali zinazochaguliwa na wananchi hufungwa mikono mpaka kipimo kifike juu; za kidikteta zina kamba ndefu zaidi.

Hapa watunzi wamegusa jambo la kweli. Marekani iliingia Vita vya Kwanza tarehe 6 Aprili 1917, baada ya karibu miaka mitatu ya kukaa nje, na haikuingia kwa tukio moja. Tangu tarehe 1 Februari mwaka huo manowari za chini ya maji za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mataifa yote bila kubagua. Kisha ikafichuka simu ya maandishi ya waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Zimmermann, iliyoiahidi Mexico kurudishiwa ardhi yake ya Texas, New Mexico na Arizona endapo ingeungana na Ujerumani dhidi ya Marekani. Kibaba kilijaa kidogo kidogo hadi kikamwagika.

Sasa nifike kwenye njia ya nne, ambayo kwangu mimi ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya. Mwaka 1999 ulitoka mchezo wa Vita vya Kwanza uitwao Paths of Glory, kazi ya Ted Raicer. Kila upande una karata 55. Karata moja unaweza kuitumia kwa mambo manne: kuyaamrisha majeshi yaende vitani, kuyahamisha mbali, kujaza pengo la waliopotea, au kulitimiza tukio lililoandikwa juu yake. Huwezi kufanya yote. Miongoni mwa matukio hayo imo karata ya Italia, imo ya Romania, imo ya Bulgaria. Ukitaka kuiingiza Italia upande wako, lazima uitoe karata hiyo kwa kazi hiyo, na siku hiyo majeshi yako ya Ufaransa hayasogei. Rafiki mpya ana gharama, na lazima uchague lini uilipe.

Na wakati ni jambo kubwa kwelikweli. Romania ilisubiri miaka miwili. Iliingia Agosti 1916, baada ya Warusi chini ya Jemadari Brusilov kuwashinda vibaya Waaustria, nayo iliahidiwa jimbo la Transylvania. Ilidhani panzi mmoja amekwisha kuchoka. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 6 Desemba, mji wake mkuu Bucharest ulikuwa mikononi mwa Wajerumani na wenzao. Kunguru naye huweza kukosea hesabu.

Kijana mmoja aliyerudi na mchezo huu kutoka masomoni aliwahi kuniruhusu niketi nao yeye na wenzake wakicheza. Mmoja akaiweka karata ya Italia mezani, akasema, "Italia imeingia," akapanga vipande vyake kwenye mpaka wa Austria, mchezo ukaendelea. Nikawauliza, Italia ilipewa nini hata ikubali? Wakatazama karata. Haikuandikwa. Wakanitazama mimi.

Ndugu msikilizaji, bei hiyo iliandikwa mahali pengine. Italia ilikuwa katika mapatano na Ujerumani na Austria-Hungaria tangu mwaka 1882. Vita vilipoanza mwaka 1914 ilisema mapatano yale ni ya kujihami tu, ikakaa nje. Halafu ikaanza kupiga bei pande zote mbili. Austria ilijikokota, ikajitolea kuacha kipande cha ardhi yake mwenyewe. Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliahidi zaidi, na ilikuwa rahisi kwao kuahidi, kwani sehemu kubwa ya walichoahidi ilikuwa mali ya adui. Tarehe 26 Aprili 1915 mkataba wa siri ulitiwa sahihi mjini London. Italia iliahidiwa Trentino, Trieste, Istria na sehemu ya pwani ya Dalmatia. Tarehe 23 Mei ikatangaza vita dhidi ya Austria-Hungaria, mshirika wake wa juzi.

Lakini kulikuwa na kifungu kingine, cha 13. Kilisema kwamba Uingereza na Ufaransa zikiongeza makoloni yao Afrika kwa kuchukua ya Mjerumani, Italia nayo itastahili kufidiwa, hasa katika mipaka ya makoloni yake na ya hao wawili. Vita vikaisha. Uingereza ikapata Tanganyika. Italia ikakumbusha deni. Mwaka 1924 mapatano yakafikiwa, na mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ya Jubaland pamoja na bandari ya Kismayu. Kabla ya hapo ardhi hiyo ilikuwa ndani ya koloni la Kenya, na mpaka ulikuwa Mto Juba. Mpaka ukasogezwa magharibi. Mpaka wa Kenya na Somalia unaouona leo kwenye ramani ulitokana na makabidhiano hayo.

Hebu fikiri. Mwenye kuiingiza Italia vitani alikuwa London. Mwenye kuingia alikuwa Roma. Aliyelipa, kwa sehemu, ni Msomali mfugaji wa ng'ombe na ngamia kando ya Mto Juba, ambaye hakuketi kwenye meza yoyote na hakuulizwa neno. Alilala akiwa mtu wa Mwingereza, akaamka mtu wa Mwitaliano.

Wala Jubaland haikuwa peke yake. Ureno ilikuwa nje ya vita hadi mwaka 1916. Mwezi Februari mwaka huo, kwa ombi la Uingereza, ilizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikaitangazia vita. Mwezi uliofuata Wareno waliingia Kionga, pembe ndogo kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma ambayo Wajerumani waliishika tangu mwaka 1894. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwathibitishia. Ndiyo maana leo Kionga iko Msumbiji. Ubelgiji nayo, ambayo vita viliifuata nyumbani kwake, ilitaka kwanza koloni lake la Kongo liachwe nje. Na msingi wa ombi hilo ulikuwapo: Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliruhusu nchi zote za bonde la biashara la Kongo, hadi Bahari ya Hindi, ziwekwe kando ya vita. Maana yake hata Tanganyika na Kenya zingeweza kuachwa. Haikuwa hivyo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliupiga mji wa Dar es Salaam kwa mizinga. Mwezi huohuo meli ndogo ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika ilishambulia Lukuga upande wa Kongo. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo chini ya maofisa wa Kibelgiji yakafika Kigoma na Tabora, na baada ya vita Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi kuzitawala.

Katika Paths of Glory haya yote ya kwetu yamo ndani ya karata moja, iitwayo Vita katika Afrika. Ikiwekwa, mwenye kuishika Uingereza ama aondoe kikosi chake kimoja mchezoni, ama mpinzani wake apate pointi. Basi. Simlaumu mtunzi, mchezo wake ni wa Ulaya, na ubao una mwisho. Lakini ndani ya karata hiyo moja mna miaka minne na zaidi ya vita, mna Jemadari von Lettow-Vorbeck aliyesalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na mna wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, malaria na kuhara, wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Jina la kikosi cha wapagazi wale tunalitamka kila siku bila kukumbuka: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Wengine wataniambia, bwana, huo ni mchezo tu, waache vijana wastarehe. Nami sisemi waache kucheza. Kijana aliyetumia jioni nzima akipima kama aiingize Romania sasa au angoje, ameelewa jambo ambalo mwalimu huhangaika nalo mwezi mzima: kwamba nchi isiyo na upande haijalala. Inahesabu. Inaogopa na inatamani kwa wakati mmoja, na inatazama nani anashinda. Hilo mchezo unalifundisha vizuri kuliko vitabu vingi.

Usilolifundisha ni chanzo cha malipo. Kwenye ubao bei ni karata, au pointi, au asilimia, na anayelipa ni mchezaji mwenyewe. Katika dunia ya kweli wakubwa hupenda kulipa kwa mali isiyo yao. Austria ilipotakiwa kutoa ardhi yake, ilisita. Waliokuwa wakitoa ardhi ya wengine hawakusita, na ndio waliompata mteja.

Kwa hiyo ningependa kijana anayecheza ajiulize mambo matatu kila nchi mpya inapoingia vitani juu ya ubao wake. Kwanza, ilikuwa inaogopa nini ikiendelea kukaa nje? Pili, iliahidiwa nini ili iingie? Tatu, kilichoahidiwa kilikuwa mali ya nani? Majibu ya mawili ya kwanza atayapata mara nyingi katika kijitabu cha mchezo. La tatu itambidi ainuke, aende maktaba, atafute maandishi ya mikataba yenyewe. Ule wa London ulikuwa siri. Uliwekwa hadharani na Wabolsheviki walipochukua serikali ya Urusi mwishoni mwa mwaka 1917, na tangu hapo mwenye macho anaweza kuusoma.

Na swali hilo la tatu si la zamani peke yake. Hata sasa hupiti mwaka bila kusikia kwamba nchi fulani, iliyokuwa imekaa kando, imeshawishiwa kusimama na upande huu au ule. Tunaambiwa ni kwa ajili ya usalama, au urafiki, au biashara. Huenda ikawa kweli. Lakini ukisikia habari hiyo, msikilizaji, usiishie kwenye picha ya viongozi wakipeana mikono. Uliza nani aliye nje ya chumba kile ambaye kesho ataletewa hati ya malipo.

Hadi juma lijalo, nakutakia jioni njema.